Kanzu nyeupe kwenye sebule ya kijani

Ujumbe wa sauti uliingia saa mbili usiku, nami niko jikoni nasonga ugali. Alikuwa mzee wangu wa Kariakoo, mwenye duka la kanzu na mabuibui, mteja wangu wa kwanza wa maana. Mchana wake nilikuwa nimemtumia picha arobaini za mzigo mpya. "Mwanangu," akasema, kwa upole ule unaotisha kuliko ukali, "kazi nimeiona, Mungu akubariki. Ila kanzu zangu mimi ni nyeupe. Hizi ulizonitumia zimelala na majani ya mgomba?"

Nikaepua sufuria, nikafungua kompyuta. Kwa macho yangu picha zilikuwa nyeupe, na nilikuwa tayari kubisha. Nikafungua ukurasa mtupu wa kuandikia, ule mweupe pee, nikausogeza pembeni ya picha. Hapo nikanyamaza. Upande wa kulia wa kila kanzu, kutoka begani mpaka kwenye pindo, ulikuwa na rangi ya maji ya mchicha. Kidogo tu. Lakini mtu anayekwenda kununua kanzu ya Idi kidogo hicho ndicho anachokiona kwanza.

Miezi miwili kabla, zamu yangu ya mchezo wa kuchangishana hela ilipofika, nilikuwa nimechukua hela yote nikaenda kununua vifaa. Seti ya taa mbili za LED na softboksi zake, yale maboksi ya kitambaa yanayolainisha mwanga, stendi mbili, kitambaa cheupe cha kutandaza nyuma na chuma cha kukitundikia. Laki tatu na ushei. Nilitazama video usiku kucha, nikajua majina ya taa za kila aina, zipi za kampuni ya Godox na zipi za kuiga Godox, nikajua wati ngapi na betri gani. Kitu ambacho sikukitazama hata mara moja ni chumba. Sebule yangu ni mita tatu kwa nne, na kuta zake mama mwenye nyumba alizipaka rangi ya embe bichi kabla sijahamia. Nilikuwa nimeishi nazo mwaka mzima, jicho likazizoea, likaacha kuziona.

Jaribio la kulithibitisha hili ni la dakika moja, na natamani mtu angenionyesha kabla sijatoa hata shilingi. Chukua karatasi nyeupe ya kuprinti, ikunje katikati isimame kama paa la kibanda, iweke mezani karibu na ukuta. Zima taa za chumba, acha dirisha. Tazama upande wa karatasi unaoelekea ukutani, kisha ule unaoelekea dirishani. Kwangu, upande wa ukutani ulikuwa kijani wazi kabisa. Taa ya softboksi haitupi mwanga kwenye bidhaa peke yake. Inautapanya chumba kizima, na mwanga ukigonga ukuta wa kijani unarudi umevaa kijani. Sehemu ya mwanga uliopiga kanzu za mzee haikuwa imetoka moja kwa moja kwenye taa zangu za laki tatu. Ilikuwa imetoka ukutani.

Unaweza kusema, si ungesahihisha tu kwenye programu? Nilijaribu, usiku uleule, ugali ukipoa. Rangi ikiwa imeenea picha nzima sawasawa inasahihishika kwa kubonyeza mara moja. Lakini hii ilikuwa upande mmoja. Nikiondoa kijani kulia, kushoto kunageuka waridi. Saa sita usiku nilikuwa na kanzu ya rangi mbili kama bendera.

Kesho yake nikaenda kwa mama mwenye nyumba kuomba ruhusa ya kupaka rangi. Akanitazama juu mpaka chini, akauliza kama kuna watu wanakuja kuleta barua. Nikamwambia hapana, ni kwa ajili ya picha. Akakubali, kwa sharti gharama iwe yangu na nikihama nisidai kitu. Nikanunua emalsheni nyeupe isiyong'aa. Ile inayong'aa usiikaribie, maana inakurudishia taa kama kioo. Mikono miwili haikutosha, embe bichi ilikuwa bado inachungulia, ikawa mitatu. Dari ya jipsamu ilikuwa nyeupe tayari, nashukuru. Ikabaki sakafu, ile saruji nyekundu iliyopigwa rangi na kung'arishwa, ambayo nayo ilikuwa na lake: mapindo ya kanzu yakawa yanatoka na wekundu kwa chini. Hiyo naitandikia shuka jeupe kila ninapofanya kazi, na viatu vinabaki mlangoni.

Baada ya hapo, kwa miezi mingi, niliziweka taa pembeni nikatumia dirisha peke yake. Si kwa hekima. Nilikuwa nimezikasirikia.

Na dirisha nalo lilinipiga chenga. Walimu wengi wa kwenye video wanafundishia Ulaya na Marekani, na wana kanuni moja wanaikariri kama sala: tafuta dirisha linalotazama kaskazini, jua haliingii, mwanga wake ni laini kutwa nzima. Kwao ni kweli kwa sehemu kubwa. Mtu wa London anaishi nyuzi 51 kaskazini mwa ikweta, jua lake la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Mimi niko Dar es Salaam, karibu nyuzi 7 kusini. Dirisha langu linatazama kaskazini barabara, nikajiona nimebahatika. Basi Juni hiyo jua likawa linaingia asubuhi kwa upande wa kulia na jioni kwa upande wa kushoto, linachora mistari ya nondo za dirisha juu ya kila nilichoweka mezani. Nikadhani nyumba imejengwa vibaya.

Nyumba haina kosa. Huku kwetu jua linahama. Kuanzia katikati ya Oktoba mpaka mwisho wa Februari linapita kusini mwetu kutwa nzima, na dirisha la kaskazini linapata ule mwanga tulivu wa kwenye video. Kati ya mwisho wa Machi na mwishoni mwa Septemba mambo yanageuka, la kusini ndilo linapumzika, na la kaskazini linachomwa. Ndugu zetu wa Nairobi, waliokaribia kukaa juu ya ikweta yenyewe, mwaka wao unakaribia kugawanyika nusu kwa nusu. Kwa hiyo ukipangisha chumba kwa ajili ya picha, usikubali dalali akuonyeshe dirisha mwezi mmoja ukadhani umeliona. Mimi siku hizi nusu ya mwaka nafanyia kazi sebuleni, nusu nyingine nabeba meza kwenda chumbani ambako dirisha linatazama kusini, kitanda nakisimamisha ukutani.

Siku ambazo sina nguvu ya kuhamisha kitanda, natundika neti nyeupe ya pazia, ile nyepesi isiyo na maua, mara mbili. Jua likiipiga, neti yenyewe inageuka kuwa taa: taa ya mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, bila waya, bila luku. Hakuna softboksi niliyoweza kuimudu inayofikia ukubwa huo. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga watu kwenye ua wa nyumba yake kwa mwanga wa mchana, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake. Picha zile leo zinatundikwa kwenye majumba ya makumbusho. Huwa namkumbuka kila nikivua shuka langu kulitandika sakafuni.

Nilirudi kwenye taa kwa sababu ya mvua za masika. Wingu likikaa siku nne dirisha linakuwa la kijivu, mzee anataka picha, Idi haisubiri.

Hapo ndipo nilipogundua ugonjwa mwingine, wa taa zenyewe. Mteja mwingine, dada wa khanga, aliniletea doti kumi, na ndani yake mlikuwa na kisutu. Kila mtu wa pwani anaijua nyekundu ya kisutu; bibi harusi hafungwi bila hiyo. Chini ya taa zangu ikatoka rangi ya tofali lililochomwa nusu. Nikabadilisha mipangilio ya kamera weee, wapi. Nikaishika khanga nikaipeleka dirishani, nyekundu ikarudi. Nikaileta kwenye taa, tofali.

Taa za LED za bei rahisi zinaonekana nyeupe kwa jicho, lakini weupe wake ni wa kubabaisha: bluu nyingi, njano nyingi, nyekundu iliyokolea kidogo sana. Rangi ambayo haimo kwenye taa kitambaa hakiwezi kukurudishia, hata uwe na kamera ya mamilioni. Kuna kipimo kinachoandikwa kwenye boksi, CRI, cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, na mwisho wake ni 100. Ya kazi ya nguo, ngozi na chakula isipungue 95. Kwenye boksi langu hakikuandikwa kabisa, na kutoandikwa huko ni jibu. Sasa nikienda dukani kununua taa nabeba kipande cha kisutu kwenye mkoba. Wauzaji wananiona mshirikina kidogo.

Ugonjwa wa pili wa taa zile: picha nyingine zilitoka na mistari mipana ya kiza iliyolala, kama shuka la hospitali. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa isiyo na saketi nzuri inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kamera ikipiga kwa 1/500 ya sekunde inakamata sehemu ya kufifia. Nikishuka mpaka 1/100 au 1/50 mistari inaondoka, maana picha inameza mawimbi yaliyo kamili. Na balbu ya darini izimwe. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: balbu ya njano ya nyumbani ni kama 2700, njano ya kibatari. Mwanga wa mchana ni kama 5500. Ukiziwasha pamoja, nusu ya kanzu itakuwa ya mchana na nusu ya usiku, na tunarudi kwenye ile bendera yangu.

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ndio ulionifanya niache kabisa kutegemea taa za kuchomeka ukutani. Nikauza moja ya zile LED, nikanunua flashi ndogo ya mkononi, ya kuwekewa betri nne za kawaida, triga yake ya kuifyatua kutoka kwenye kamera, na mwavuli mweupe wa kulainisha mwanga. Seti hiyo inaingia kwenye mfuko wa sokoni. Betri nilichukua za kuchaji, nane, nne kazini nne akiba. Zile za kutupa zitakufilisi. Umeme ukikatika mimi naendelea, jirani zangu wakisikia "tu, tu, tu" na kuona radi dirishani.

Flashi ina adabu zake. Siku ya kwanza picha zote zilikuwa nusu: juu kanzu, chini kiza kitupu, mpaka mdogo wangu akasema nimenunua flashi iliyokatwa. Kumbe nilikuwa napiga kwa 1/500. Ndani ya kamera shata ni mapazia mawili yanayofuatana, na kasi ikizidi kiwango fulani pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua. Radi ya flashi inapotokea, sehemu ya picha imeshafunikwa. Kamera yangu mwisho wake ni 1/200. Nikakaa 1/160 kwa usalama, tundu la lenzi f/8 ili kitambaa chote kiwe kwenye fokasi, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 100. Kabla ya kuwasha flashi napiga picha moja bila yenyewe. Inatakiwa itoke nyeusi tii. Ikionekana hata ncha ya meza, kuna mwanga wa mgeni chumbani, naufuata: mlango ulioachwa wazi, pazia lililopanda, siku moja ilikuwa taa ya friji ya soda ya dukani nje. Ikishakuwa nyeusi, kila kitakachoonekana baada ya hapo nimekileta mimi.

Na kuna hesabu moja tu ninayoijua kwa kichwa. Taa ukiisogeza mbali mara mbili, mwanga haupungui nusu, unapungua hadi robo. Ukiisogeza mara tatu, inabaki sehemu moja kati ya tisa. Kwenye sebule ya mita nne hii ni mali. Mtu akikaa mita moja kutoka kwenye mwavuli, na ukuta uko mita mbili nyuma yake, ukuta unapata sehemu moja ya tisa ya mwanga anaoupata yeye: ule ukuta wangu mweupe unakuwa wa kijivu kizito, kama nina pazia la studio. Nikitaka uwe mweupe naurudishia taa yake peke yake. Ukuta mmoja, rangi mbili. Napima kwa khanga, maana tepe huwa inapotea: khanga moja kwa urefu ni mita moja na nusu hivi, ukiikunja katikati unajua ulipo.

Ukaribu huohuo ndio unaolainisha mwanga. Watu wanauliza nitumie softboksi gani ili kivuli kiwe laini, nami najibu isogeze hiyo uliyonayo. Softboksi ya sentimita 60 ikiwa sentimita 60 kutoka usoni ni dirisha. Ikiwa mita tatu ni tochi.

Sasa nirudi kwa mzee, maana kanzu zake ndizo zilizonisomesha.

Kanzu nzuri thamani yake iko shingoni. Pale kwenye ukosi na kushuka kifuani kuna darizi, nyuzi nyeupe juu ya kitambaa cheupe, kazi ya siku nyingi. Za Kiomani zina kishada kinachoning'inia. Bei ya kanzu mbili zinazofanana kwa mbali inaweza kutofautiana sana kwa sababu ya darizi tu. Na nyeupe juu ya nyeupe, taa ikiwa mbele yake, haipo. Picha zangu za kwanza, hata ukiondoa ule ukijani, zilikuwa picha za shuka zenye mikono. Nilikuwa nimeweka taa moja kulia moja kushoto, nyuzi 45 kila upande kama inavyofundishwa, nazo zilifutiana vivuli vyote. Darizi ni kivuli. Ukifuta kivuli umefuta bidhaa.

Nikalaza kanzu moja juu ya meza, nikazima yote, nikawasha flashi moja tu, nikaishusha mpaka ikawa karibu usawa wa meza yenyewe, mwanga unatambaa juu ya kitambaa kama jua la saa kumi na mbili na nusu asubuhi juu ya mchanga wa ufukweni. Unaona nyayo zote wakati ule, hata za kaa. Adhuhuri huzioni. Nikapiga. Kila uzi ulikuwa umeinuka na kivuli chake kando, zile duara ndogo, majani, mshono unaofunga ukingo. Nikaona hata mahali fundi alipomalizia uzi mmoja akaanza mwingine. Upande wa pili nikasimamisha kipande cha povu jeupe, lile la kufungashia televisheni, kurudisha mwanga kidogo ili kivuli kisiwe cheusi mno. Taa moja na takataka moja.

Wiki hiyo pia ndipo nilipoacha kuiamini kamera ikiniambia mwanga umetosha. Kamera haijui kanzu wala buibui. Kipimo chake kinachukulia kwamba kila kitu duniani ni kijivu cha wastani. Ukiijazia fremu kanzu nyeupe, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, kanzu inatoka kama imefuliwa na soksi. Ukiijazia buibui, inaongeza, na jeusi linakuwa jivu. Kwa dirisha, kanzu naiongezea mwanga hatua moja na zaidi kidogo, buibui nalipunguzia moja. Kwa flashi natazama ile grafu ya vilima kwenye kioo cha kamera, kushoto weusi, kulia weupe: kilima cha kanzu kisogee kulia bila kugonga ukuta.

Mabuibui yalinichosha zaidi. Jeusi huwezi kulionyesha kwa kulimulika. Unalionyesha kwa mng'ao wake. Hariri, krepu, na lile la mawe, kila moja linarudisha mwanga kivyake, na tofauti hiyo ndiyo mteja anayoilipia. Mwanga unadunda kama mpira wa chandimu ukutani: ukiupiga kwa pembe hii unatokea kwa pembe ileile upande wa pili. Kwa hiyo nasimama niliposimama, najiuliza, mpira ukitoka kwenye lenzi yangu ukadunda kwenye bega la buibui utaangukia wapi? Huko ndiko naweka ubao mweupe na kuumulika. Begani panatokea mstari mrefu wa fedha, mikunjo inahesabika, na jeusi linabaki jeusi. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoonyesha masufuria na chupa za marashi. Usipoifanya, utauza sufuria yenye picha yako ndani, umevaa dera.

Na ndiyo hiyohiyo ya uso wa mtu mweusi. Mama yangu alikuja kunitembelea, nikamkalisha kwenye kigoda karibu na dirisha. Picha za zamani za familia yetu zina mama mweusi asiye na macho, meno tu na kitambaa cha kichwani. Yeye alizoea kusema hana sura ya picha. Rangi za picha za Kodak zilipangwa kwa kadi za majaribio zilizokuwa na mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la Shirley, na kwa miaka mingi ngozi kama ya mama ilikuwa nje ya hesabu. Wenye viwanda vya chokoleti na samani za mbao walipolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha, ndipo rangi za kahawia zikaanza kushughulikiwa. Nikamweleza. Akasema, "Kwa hiyo tuliokolewa na makabati." Nikamwekea neti mbili dirishani, povu upande wa pili, akajipaka mafuta kidogo badala ya poda, maana ngozi yetu inachongwa na mng'ao kama hariri ya buibui. Alitazama picha ile muda mrefu, kisha akauliza kama naweza kumtolea kubwa ya sebuleni. Ipo, Tanga, juu ya televisheni.

Mengine ni ya kuumia na kujifunza. Mwavuli juu ya stendi nyepesi ni tanga la jahazi, na feni ya darini ni kaskazi. Ulinidondokea mara mbili, mara ya pili na flashi ikavunjika mguu. Siku hizi kila stendi ina dumu la maji la lita tano lililofungwa chini, kilo tano za bure. Waya wa ekstensheni naubandika sakafuni kwa gundi ya karatasi, tangu mtoto wa jirani alipopita nao mguuni. Na feni naizima tu, nafanya kazi nikitiririka jasho, taulo shingoni.

Picha za mara ya pili nilimpelekea mzee mwenyewe dukani, sikutuma. Nikamwamkia, nikampa simu. Akavaa miwani, akaivuta darizi kwa vidole viwili mpaka ikajaa kioo, akaisogeza polepole kutoka ukosini kwenda chini, kimya, kama anayeikagua kwa fundi. Akafika kwenye ule mwisho wa uzi. "Huyu fundi," akasema, "hapa alikuwa amechoka." Akanirudishia simu, akaingia nyuma ya duka, akatoka na boksi la kofia. Kofia za mkono, zile zilizotobolewa vitobo vidogovidogo na kuzungushiwa uzi kila kimoja. "Hizi nazo wanasema kwenye picha zinaonekana bakuli. Nataka vitobo vionekane, mwanangu."

Nina wiki moja nazo sasa. Mwanga wa ubavuni unaonyesha uzi lakini vitobo vinakufa. Jana usiku nikafikiri, vitobo ni hewa, kwa nini nisivimulike kutoka ndani? Nikageuza bilauri, nikaivika kofia, nikawa natafuta jinsi ya kupenyeza taa ndogo chini yake, umeme ukakatika. Nikawasha tochi ya simu, nikaizungushia tishu mbili, nikaisukumia humohumo ndani ya bilauri. Ukuta mweupe wa sebule ukajaa nyota. Nikaenda kutafuta traipodi gizani.